Doti ya Mwalimu Zamda

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ile ya wanyama kusema. Nasema zamani ya juzi, simu zimeshafika lakini watu bado wanaagana kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipokuwapo mwalimu kijana aitwaye Zamda. Mliokaa nyuma, sogeeni. Hadithi hii nitaibeba mpaka mlangoni tu. Kuiingiza ndani ni kazi yenu, kwa hiyo mwenye kusinzia na asinzie sasa.

Zamda alikuwa akifundisha Mikongeni, mji wa joto uliozungukwa na mashamba ya mkonge, mji ambao jua lake huchomoza likiwa tayari limekasirika. Alifundisha kwa kujitolea. Kujitolea mnakujua: ni kazi kama kazi nyingine, isipokuwa mwisho wa mwezi. Watoto walimpenda. Wazazi walimpenda. Mama mwenye nyumba alimpenda hata akasahau kwamba yule ni mpangaji. Mshahara tu ndio uliokuwa haumjui.

Huyo mama mwenye nyumba aliitwa Bi Mwanakombo. Mama mzazi wa Zamda alifariki Zamda akiwa bado shule, na Bi Mwanakombo hakuwahi kusema kwamba anashika nafasi yake. Alianza tu kumpakulia chakula bila kumwuliza kama ana njaa, na mambo ya kina mama huanzia hapo.

Siku moja ajira zikatoka, na jina la Zamda limo. Amepangiwa Ludete.

"Ludete ni wapi?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Juu, mama. Nyanda za juu."

"Juu kiasi gani?"

"Wanasema huko maji yanalala maji, yanaamka kioo."

Zamda akacheka, akalia, akacheka tena. Alikuwa anaacha kazi isiyomlipa mahali anapopendwa, anakwenda kwenye kazi ya kumlipa mahali asipojulikana. Mkiniambia hilo ni jambo jepesi nitajua hamjawahi kuhama.

Sasa, Mikongeni kuna desturi. Binti akihamia mji asio na mtu, hupewa doti ya kanga ambayo haijakatwa, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Bi Mwanakombo akamletea doti ya zambarau yenye maua ya korosho, na jina lake limeandikwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Hii usiikate hapa," akasema. "Wala usiikate siku utakayofika, maana siku ya kwanza kila mtu ni mwema. Subiri mpaka upokewe. Aliyekupokea ndiye utakayekata naye. Yeye ashike upindo huu, wewe ushike ule, mkasi upite katikati. Kipande kimoja chako, kimoja chake. Huyo ndiye ndugu yako wa doti. Ukiumwa atakuuguza. Ukizaa atakukanda. Ukifa atakuosha. Na ndugu wa doti ni mmoja, mwanangu, hawawi wawili."

"Nitamjuaje?"

"Utamjua."

Ah, wazee na hiyo "utamjua" yao. Zamda akaikunja doti, akaiweka chini kabisa ya sanduku, akapanda basi anatoka jasho, akashuka Ludete anatetemeka.

Nako Ludete kuna desturi yao. Mgeni akitoka nchi za joto hapewi nyumba siku hiyohiyo. Hulala kwanza kwa mwenyeji, majuma mawili matatu, mpaka aijue baridi na baridi imjue. Hawaiiti desturi, huita akili tu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia Madamu Mbilinyi, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi: "Mgeni wetu anafika leo, mpokee, akae kwako." Madamu Mbilinyi akaitikia. Lakini siku hiyo alikuwa na vibarua shambani wanamvunia viazi, mvua inanyemelea, akasema moyoni, mtu mzima hapotei stendi, nitamfuata kesho.

Zamda akakaa stendi juu ya sanduku lake. Alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi na viatu vya wazi. Kila mwanamke aliyepita, Zamda alidhani ndiye Madamu Mbilinyi aliyeambiwa atampokea, akajiandaa kusimama, akakaa tena. Mnaujua mkao wa namna hiyo. Mtu hukaa nusu, kwa sababu akikaa vizuri atakuwa amekubali kwamba hakuna anayekuja.

Aliyesimama mbele yake hatimaye alikuwa mama mmoja mjane, muuza viazi vya kuchemsha hapo stendi, jina lake Mama Lukelo, akamsalimu kwa lugha ya huko:

"Kamwene, mwanangu. Unasubiri nani na miguu hiyo mitupu?"

Zamda akaeleza. Mama Lukelo akasonya, hakumsonya yeye. Akafunika viazi vyake, akajitwika sanduku, na kwa kuwa Madamu alikuwa bado shambani, wakaenda mpaka nyumba ya mwalimu pale shuleni. Nyumba yenyewe ilitazamana na ya Mama Lukelo, uzio wa majani marefu ya mabingobingo tu katikati.

Ndani ya nyumba ile palikuwa na msichana anafunga vyombo vyake. Aliitwa Vumilia. Vumilia naye alikuwa mwalimu, naye alikuwa wa kujitolea. Alilifundisha darasa la nne la Ludete kwa miaka miwili bila mshahara, akiomba Mungu ajira ikitoka nafasi ile iwe yake. Ajira imetoka, nafasi imekwenda kwa mtu wa Mikongeni, na nyumba imekwenda pamoja na nafasi. Akampa Zamda ufunguo. Hakumtupia, alimpa mkononi.

"Chaki ziko kabatini," akasema. "Dirisha la chumbani halina kioo kimoja, niliomba fundi hakuja. Na wale watoto wa dawati la mwisho si wajinga, hawaoni ubaoni. Wavute mbele."

Zamda alitaka kumwambia, dada, wiki iliyopita mimi nilikuwa wewe. Kwa baridi na kwa aibu akasema ahsante tu. Vumilia akaondoka na furushi lake kwenda kupanga chumba upande wa pili wa uwanja wa shule.

Jioni ile Mama Lukelo akaleta jiko la mkaa na debe la mkaa. "Hilo jiko langu, utanirudishia ukishazoea," akasema, akaenda zake. Jiko aliliacha na mkaa aliuacha. Maneno hakuyaacha. Na msimlaumu upesi. Ludete mtoto huambiwa habari za jiko kabla hajaota meno: liingize ndani mkaa ukiwa umeshika vizuri, acha dirisha wazi kidogo, na kabla hujalala litoe nje. Kumwambia mtu mzima ni kama kumwambia asitie mkono kwenye sufuria ya ugali. Ila Zamda alitoka Mikongeni, ambako jiko halijawahi kuvuka kizingiti. Kule hupikwa uani, hulalwa ndani, moto na usingizi hawajuani hata kwa jina.

Madamu Mbilinyi akaja kesho yake, kama alivyojiahidi. Akakuta mgeni amejipanga, anafundisha, anatabasamu, nyumba imefagiwa. "Unajiweza?" akauliza. Zamda, ambaye hakutaka kuonekana mzigo, akasema, "Najiweza, Madamu." Basi. Heshima ya mgeni ikakutana na uvivu wa mwenyeji, wakapatana.

Siku za kwanza hapakuwa na neno, kwa sababu lile tundu la dirisha lisilo na kioo lilikuwa likifanya kazi ya mwenye akili. Zamda akawa analala na jiko kando ya kitanda chake, na kila alfajiri anaamka anafagia uwanja. Hiyo nayo ni ya Mikongeni: humsalimii mtu uwanja wako haujafagiwa. Mama Lukelo akiwa jikoni kwake anachemsha viazi vya kuuza, akisikia ufagio ule ng'ambo ya mabingobingo anacheka. "Mwalimu, unafagia umande?" Na Zamda anajibu, "Umande nao ni uchafu, mama." Doti ilikuwa bado nzima sandukuni. Zamda alikuwa akimwangalia Mama Lukelo, anafikiri, huenda ni huyu, lakini alikumbuka aliyoambiwa, akasubiri.

Halafu ikaja baridi yenyewe. Wenyeji walisema ile ya mwanzo ilikuwa inapiga hodi. Nyasi zikawa nyeupe, maji ya ndoo yakawa kioo kweli. Jioni moja Zamda akachukua magazeti na gunia, akaliziba lile tundu. Akaziba na chini ya mlango. Akalijaza jiko mkaa, akajifunika, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ludete akahisi joto la kwao. Akalala ana furaha, maskini.

Hewa ya mkaa haina rangi, haina harufu. Haimwamshi mtu.

Alfajiri Mama Lukelo akawasha moto wake, akaweka sufuria, akaanza kumenya. Akamenya kiazi cha kwanza, cha pili, kisu kikamsimama mkononi. Kuna kitu kimepungua. Akasikiliza. Jogoo wapo. Mbwa wapo. Ufagio haupo. Ndipo lile jiko likamjia kichwani, na yale maneno ambayo hakuyasema yakamjia pamoja nalo, yote kwa mara moja. Akatoka mbio bila kandambili, akapiga mlango, akaita, hakuitikiwa. Mlango umefungwa kwa komeo. Akapiga yowe lililosikika mpaka stendi.

Na stendi alikuwapo Vumilia. Alikuwa na begi lake moja na tiketi yake moja. Shule fulani ya watu binafsi, mji wa bondeni, ilikuwa imemwita afike siku hiyo waone anavyofundisha, na walimwambia wazi, usipofika tuna mwingine. Basi limeshawashwa. Yowe likamfikia, na alijua linatoka nyumba gani. Akalitupa begi hapohapo, akakimbia.

Hakugonga mlango. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalivunja kwa jiwe, akang'oa gunia, akapenya. Vioo vilimchana mkono toka kiwiko mpaka kifundo. Akamvuta Zamda kutoka kitandani, akafungua komeo, akamburuta mpaka kwenye nyasi nyeupe. Akampiga mashavu, akamwita, akambana kifua mpaka akakohoa. Damu yake Vumilia ilikuwa imetapakaa juu ya gauni la Zamda, hata watu waliofika walishindwa kujua aliyeumia ni nani. Basi lilipita barabarani, begi limebaki stendi, mwenyewe hayumo. Kazi ile ya bondeni alipewa huyo mwingine.

Zamda akalazwa hospitali, akapona mwili. Kichwa kilichelewa. Alikuwa akisahau. Anaingia darasani, anamtazama mtoto anayemjua, jina halipo. Anaandika hesabu ubaoni, katikati anasimama na chaki juu, hakumbuki alikuwa anakwenda wapi. Kwa mwalimu hiyo si aibu ndogo. Na kwa mwalimu mpya, ambaye bado anaangaliwa kama ataifaa kazi, ilikuwa hatari.

Hapo ndipo Madamu Mbilinyi alipokuja na mkokoteni, hakuuliza "unajiweza," akapakia sanduku, godoro na ndoo, akampeleka Zamda nyumbani kwake. Akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka. Akamvalisha sweta mbili na soksi za marehemu mumewe. Akamfundisha jiko linavyoingia na linavyotoka, kila siku, kama anavyofundisha darasa la tatu. Na vipindi vyake vikiisha alikwenda kukaa nyuma ya darasa la Zamda, anasahihisha madaftari, hamtazami mtu. Zamda akikwama jina la mtoto, Madamu anakaripia kule nyuma: "Wende, kaa vizuri." Wende amekaa vizuri tangu asubuhi. Lakini jina limeshafika mbele, Zamda ameliokota, somo linaendelea. Darasa zima halikujua kitu, isipokuwa kwamba Madamu Mbilinyi amekuwa mkali siku hizi.

Hata hivyo siku moja Zamda akachoka. Alisahau jina la Lukelo, mtoto wa yule mama, na Lukelo akalia. Zamda akafunga sanduku. Madamu Mbilinyi hakumkataza. Alilibeba yeye mwenyewe mpaka stendi, akaliweka chini, akalikalia.

"Madamu, basi hilo linakuja."

"Naliona."

"Umekalia sanduku langu."

"Nimechoka. Mimi ni mtu mzima."

Basi likasimama, konda akashuka. Madamu Mbilinyi hakuinuka. Akasema, "Siku ile ulikaa hapa, juu ya sanduku hili, unanisubiri. Sikuja, nilikuwa navuna viazi. Leo nimekaa mimi. Nikuulize neno moja tu, kisha nitasimama. Ukifika kwenu wakikuuliza umekimbia nini, utasema baridi au utasema watu?"

Zamda akafikiri. Alitaka kusema watu, ili ainuke. Lakini ilikuwa si kweli.

"Nitasema baridi."

"Baridi inaisha mwezi wa nane," akasema Madamu Mbilinyi.

Konda akapiga ubavu wa basi, basi likaondoka. Wakarudi, kila mmoja kashika mkono wake wa sanduku, na doti iko ndani, bado nzima.

Mwezi wa nane ukafika na baridi ikaisha kweli. Kichwa cha Zamda kikarudi, majina yakarudi, Lukelo akaacha kununa. Na ajira zikatoka tena. Safari hii jina la Vumilia limo. Amepangiwa mji wa ziwani, mbali sana, ambako hamjui mtu hata mmoja. Ataondoka Jumamosi.

Zamda akaona sasa hakuna tena kusubiri. Ijumaa alasiri akawaita wote watatu, Mama Lukelo, Madamu Mbilinyi na Vumilia, nyumbani kwake alikokwisha kurudi, dirisha limeshatiwa kioo, chai iko mezani, mihogo ya kukaanga iko mezani, na doti iko mezani, imekunjuliwa. Mkasi juu yake. Akawasimulia aliyoambiwa na Bi Mwanakombo, neno kwa neno. Ukiumwa, ukizaa, ukifa. Mmoja, hawawi wawili.

"Nimefikiri mwenyewe nimeshindwa," akasema. "Semeni ninyi. Nani alinipokea?"

Mama Lukelo hakungoja chai ipoe. "Mimi. Kama si mimi ungelala stendi. Nani alijitwika sanduku? Nani alikupa moto? Na kama si mimi kusikia kwamba husikiki, ungeoza humo ndani, watu wanadhani unasahihisha mitihani. Hapa Ludete nzima, nani mwingine aliyekuwa anakusikiliza kila siku? Mtu hugundua amekosekana kwa anayempenda tu. Nipe nishike upindo."

Madamu Mbilinyi akapuliza chai yake. "Kuokolewa ni siku moja," akasema. "Hata mpita njia huokoa. Mimi sikumwokoa. Mimi nilikaa naye. Kama si mimi angekuwa hai, ndiyo, lakini angekuwa hai Mikongeni, na kazi hana. Huyo bibi wa Mikongeni hakusema aliyekuponya, alisema aliyekupokea. Kupokea ni kupokea, mpaka mgeni aache kuwa mgeni."

Wote wakamgeukia Vumilia. Vumilia alikuwa akiutazama mkono wake, lile kovu refu.

"Sema na wewe," Mama Lukelo akamwambia. "Ulikosa kazi kwa ajili yake. Damu yako ilimwagika hapo nje."

"Msinihesabu mimi," Vumilia akasema. "Jioni ile nilipita hapa. Nilikuwa nafuata sufuria yangu niliyoisahau. Nilimwona anaziba lile tundu kwa gunia, na jiko linawaka nyuma yake. Mimi nimezaliwa hapa, nilijua. Nikasema moyoni, si ndiye mwenye ajira, si ndiye aliyesoma zaidi, atajua mwenyewe. Nikageuka, hata sufuria sikuichukua. Sikulala. Na lile yowe lilipopigwa sikuuliza ni nini. Ndiyo maana sikugonga mlango, Zamda. Nilijua dirisha gani."

Machozi yakamjia Zamda. Hakujua ni ya hasira au ya kitu gani. Maana huyu ndiye aliyemwacha afe, na huyu ndiye aliyemtoa, na alikuwa mtu mmoja, ameketi pale na kikombe cha chai.

Mama Lukelo akapandwa na hasira. "Ulimwona. Ukanyamaza. Na ukaja kunywa chai yake."

"Niliitwa," Vumilia akasema.

"Mwache," akasema Madamu Mbilinyi. "Jiko lilikuwa la nani?"

Mama Lukelo akashusha sauti. "Langu. Nililiacha mlangoni bila neno. Huyu alinyamaza akiwa na kinyongo, mimi nilinyamaza kwa kudhani kila mtu amezaliwa Ludete." Halafu akageuka. "Na wewe, Madamu, mwenye kupokea mpaka mgeni aache kuwa mgeni. Ungempokea siku ya kwanza kama ulivyoambiwa, nisingempa jiko, wala huyu asingepita dirishani. Viazi vyako vilipata bei?"

Madamu Mbilinyi akaweka kikombe chini. "Vilioza nusu," akasema. "Na kitanda nilichompa ndicho nilichotakiwa kumpa tangu mwanzo. Sijampa zawadi. Nimechelewesha haki yake."

Basi wakakaa pale wanawake watatu, kila mmoja na wema wake na kila mmoja na kosa lake, na hakuna aliyekuwa tena na haraka ya kushika upindo.

"Kata vitatu," Mama Lukelo akasema mwishowe. "Kata vinne."

"Kanga ya vipande vinne ni matambara ya kufutia ubao," akasema Madamu Mbilinyi.

"Basi mpeni mmoja wenu," akasema Vumilia. "Mimi naondoka kesho. Ndugu wa doti aliye ziwani atamkanda nani huku?"

Alisema hivyo bila kujihurumia. Lakini Zamda alimtazama, akaona begi lile moja mlangoni, maana chumba cha kupanga alikuwa ameshakirudisha, na viatu vilivyosuguliwa kwa safari. Kesho Vumilia atakaa stendi ya mji asioujua, akae nusu, kila mwanamke anayepita adhani ndiye. Hana Bi Mwanakombo. Hakuna aliyempa doti.

Zamda akampigia simu Bi Mwanakombo, hapohapo mbele yao, akaiwekea sauti ya nje. Akamweleza yote: aliyemsikia, aliyemtoa, aliyekaa naye, aliyesahau, aliyenyamaza, aliyechelewa.

"Uliniambia nitamjua, mama. Simjui."

Wakamsikia Bi Mwanakombo anavuta kigoda, anakaa. Kisha akasema, "Ulitaka umpate asiye na kosa? Hata mimi chumba kile nilikupangisha kwanza, ndipo nikakupenda. Kata, mwanangu. Chai inapoa." Akakata simu.

Zamda akashika upindo mmoja wa doti. Akauchukua mkasi, akaufungua. Upindo wa pili ulikuwa umelala mezani, kati ya vikombe vitatu.

Mimi hiyo kanga nimeiona. Ilikuwa imeanikwa kambani, ya zambarau, maua yake ya korosho yamechujuka kwa kufuliwa, nikasoma jina lake nikaijua. Kamba hiyo ilikuwa ya nani, na ilikuwa Ludete au kwenye upepo wa ziwani, sisemi. Nikisema mtaniambia ndivyo ilivyostahili, maana watu huyasema hayo juu ya kila jambo likishatendeka.

Kwa hiyo nataka neno lenu sasa, mkasi ukiwa bado wazi. Na asijibu mtu ambaye hajawahi kuzibiwa dirisha na mwenzake, wala kuliziba. Yuko aliyempa moto akasahau neno, kisha akasikia ukimya wake. Yuko aliyemwona akamwacha, kisha akavunja kioo kwa mkono wake na riziki yake. Yuko aliyechelewa kumpokea, kisha akampokea mpaka mwisho. Siku Zamda atakapolala asiamke, mikono ya nani imwoshe?

Je, nani ashike upindo wa pili?